Mwongozo wa Mla Majani Anayekwenda Lumino na Mifupa Yake

Mwongozo huu ni wa ndugu yetu aliyeacha nyama, na maziwa pia. Yuko Kampala, Nairobi au London. Amesoma, amefikiri, ametangaza. Sasa Desemba imefika na hana budi kwenda kwao Lumino, wilaya ya Busia upande wa Uganda, pale barabara itokayo Musita inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Busia mpakani na mwingine ukishuka Majanji ziwani. Zamani barabara hiyo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Siku hizi ni lami, kilomita 104 kwa jumla, na kisingizio cha kutofika kimekwisha. Ndugu yetu anatarajia kula vya shambani wiki mbili, kupumua hewa safi na kurudi mjini na mifupa imara kuliko aliyokuja nayo. Tunamkaribisha. Tunamwomba tu asome kwanza.

Mtihani wa kwanza uko Namawojjolo, kwenye barabara kuu ya Jinja, hata hujaisahau foleni ya Kampala. Gari likipunguza mwendo, vijana watavamia madirisha na kuku wa kuchoma na mishikaki. Wewe utanunua gonja, ndizi ya kuchoma, na kuila huku ukiwatazama abiria wenzako kwa huruma. Kula, ni tamu. Ila usiiandikie mifupa hesabu yoyote. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200, na kijana anayerefuka 1,300. Waingereza husema 700 zinamtosha mtu mzima. Hata ukichagua hesabu ya Waingereza, ndizi haikufikishi popote. Imeshibisha, basi.

Jinsi ya kumkataa kuku

Hapa ndipo wengi huanguka. Ukifika na kutangaza uani kwamba huli nyama, wenyeji watakuitikia kwa heshima, kisha kijana atatumwa kumkimbiza kuku. Ukieleza kwamba hata kuku humli, utaulizwa kama umekuwa Msabato. Ukisema hapana, si dini, ni msimamo wako kuhusu wanyama na hali ya hewa ya dunia, kimya kitakachofuata kitakufundisha kwamba msimamo haujawahi kumwokoa kuku wa Wasamia, wenyeji wa huku.

Fanya hivi. Piga simu siku tatu kabla, wakati kuku bado yuko huru, na umwambie shangazi kwamba daktari amekukataza. Daktari anaheshimiwa. Shangazi atasikitika na kukuombea, na kuanzia hapo mboga zitapikwa kwa bidii yote anayostahili mgonjwa. Usijaribu kumwambia mjomba. Mjomba atasema daktari huyo ni wa Kampala na hajui kitu. Na siku ya kuondoka usishangae ukikabidhiwa kuku mzima, miguu imefungwa, wa kwenda naye nyumbani. Huyo hakataliwi kwa sababu ya daktari wala ya Usabato. Msafirishe chini ya kiti, na mkifika mjini mtaelewana wenyewe.

Kuku akishaondoka kwenye sahani, linabaki jambo la mukene. Ndiye dagaa wenu wa Tanzania, omena wa Kenya. Huvuliwa usiku kwa taa huko Majanji, Sio Port na Port Victoria, akaanikwa juani, na kabla hujapiga mswaki amefika soko la Lumino. Mukene wa kusaga huingia katika uji wa mtoto, katika mchuzi wa njugu, katika mboga ya bibi asiyeona sababu ya kukueleza. Ukiuliza kama kuna samaki utaambiwa hakuna, kwa maana samaki ni sangara au ngege, mwenye kichwa cha kugombaniwa. Uliza kwa jina.

Lakini ukweli usemwe. Mukene huliwa na mifupa yake yote, na gramu 100 za mukene mkavu zina zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu. Katika wilaya nzima hakuna chakula cha bei ndogo kinachomshinda kwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya wanaovuliwa siku hizi huishia katika viwanda vya chakula cha mifugo, kwa hiyo kuku uliyemkataa pengine ana mifupa iliyolishwa vizuri kuliko yako. Mwandishi wa mwongozo huu hashurutishi mtu. Anasema tu kwamba dhamira ikiwa na tundu, basi liwe la ukubwa wa mukene.

Ugali upi?

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, kwa sababu hapa ndipo mifupa ya mla majani huinuka au kuanguka, na hapa ndipo wageni hawaulizi swali hata moja. Ugali ukifika, wao hunawa.

Unga wa mahindi meupe una kalsiamu miligramu kama 7 katika kila gramu 100. Unga wa wimbi, ambao Watanzania huuita ulezi, una karibu 344. Soma tena. Ni tofauti ya mara hamsini hivi, juu ya meza ileile, kwa jina lilelile la ugali. Sahani ya ugali wa wimbi mtupu, ule Waganda wanaouita kalo na Wateso atapa, ikiwa imetumia gramu 150 za unga, imebeba zaidi ya miligramu 500. Ile ya mahindi imebeba 10. Nafaka nyingine zote za eneo hili hazilifikii wimbi hata zikisimama moja juu ya mabega ya nyingine.

Mgeni akisikia hivyo hufurahi: si ugali wa Lumino ni mweusi? Mweusi, ndiyo. Ila rangi ina mbinu zake. Unga wa kawaida wa nyumbani ni mchanganyiko wa muhogo mkavu na wimbi au mtama, na kiasi cha wimbi hutegemea mfuko wa mwenye nyumba. Mwaka mbaya, muhogo huwa mwingi na wimbi hubaki la kutia rangi. Nenda mwenyewe kwenye mashine ya kusaga, simama katika foleni na beseni lako, utazame nini kinamiminwa. Utaijua hali ya mifupa ya kijiji vizuri kuliko atakavyokueleza mtu yeyote.

Wimbi limepungua kwa sababu zinazoeleweka. Mbegu zake ni punje ndogo, magugu yake yanafanana nalo likiwa changa, na palizi lake ni la kuinama kutwa nzima kwa mkono. Kazi hiyo ni ya wanawake. Mahindi hupaliliwa kwa jembe ukiwa umesimama, husagika upesi, shule hununua, na mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka hulipa papo hapo. Kwa hiyo chakula kinachojenga mfupa kinavunja mgongo wa anayekilima, naye kwa akili zake timamu analima kingine. Mgeni anayefika na kuuliza kwa mshangao kwa nini watu wameacha vyakula vya asili apewe mstari mmoja wa wimbi apalilie kabla ya chai. Maswali yatapungua.

Kuna tatizo lingine la wimbi, nalo halionekani. Punje zake zina faiteti, kemikali inayoshika kalsiamu, chuma na zinki ndani ya utumbo na kuziachia kidogo kidogo kwa shingo upande. Dawa yake inajulikana Busia na Tororo tangu kabla ya maabara: chachusha uji, au lioteshe wimbi liwe kimea kwanza ndipo ulisage. Kuchachua na kuotesha huvunja sehemu ya faiteti hiyo. Ndiyo maana uji mchachu wa bibi si uji ulioharibika, na kijana wa mjini anayeukunjia uso kisha akanunua chupa ya bakteria za tumbo dukani hastahili kupewa kikombe cha pili.

Tahadhari: kimea hichohicho ndicho kinachopelekwa kwenye chungu cha malwa. Utawakuta wazee wameketi duara, mirija mirefu mdomoni, maji ya moto yakiongezwa, na mmoja atakueleza kwa utaalamu kwamba pombe hii ni wimbi, wimbi ni kalsiamu, na kwa hiyo yeye anatibu magoti. Ni hoja nzuri hadi kwenye neno la tatu. Kalsiamu nyingi hubaki kwenye machicha chini ya chungu, na pombe nyingi ni adui wa mfupa mara mbili: hudhoofisha ujenzi wake, halafu hukusindikiza gizani kwenye mtaro.

Mboga za majani, na zile zinazodanganya

Mla majani huamini kila kitu cha kijani ni rafiki. Robert Heaney na Connie Weaver, watafiti wa Marekani, walipima jambo hili. Mwaka 1988 walionyesha kwamba kalsiamu ya spinachi hufyonzwa kwa asilimia 5 tu, wakati ile ya maziwa waliyoilinganisha nayo ilipita asilimia 27. Mwaka 1990 wakapima mboga ya jamii ya sukuma wiki, ikafika karibu asilimia 41 na kuyashinda maziwa. Sababu ni oksaleti, kemikali nyingine inayoshika kalsiamu, ambayo spinachi imejaa nayo na sukuma wiki haina nyingi. Mboga mbili za kijani, bei sawa, fungu sawa, na kalsiamu ya moja hufyonzwa mara nane ya mwenzake.

Mchicha, dodo wa Uganda, uko upande wa spinachi katika habari ya oksaleti. Usiuache, kwani una mengine mazuri, na ukiuchemsha na kumwaga maji sehemu ya oksaleti inaondoka nayo. Lakini usiutegemee peke yake kila siku na kujiona umemaliza. Changanya. Saga, kunde, managu, murere, sukuma: soko la Lumino likichangamka asubuhi lina mboga ambazo mjini huuzwa kwa bei ya kujivunia. Bibi yako hajawahi kupika aina moja. Huchanganya ile chungu na ile ya utelezi, akaweka jikoni leo, akapasha kesho, akaongeza maziwa keshokutwa. Wewe maziwa umeyakataa, kwa hiyo mahali pake weka simsim.

Simsim nayo ina masharti. Kalsiamu yake iko zaidi kwenye ganda. Ile nyeupe iliyokobolewa, nzuri kwa macho, imeshapoteza sehemu kubwa. Ile yenye ganda inakaribia miligramu 1,000 kwa gramu 100, ingawa haifyonzwi yote. Na ukiitafuna nzimanzima nyingi itapita safari yake bila kusalimia mtu. Isagwe iwe rojo zito, kama ile odii ya kaskazini mwa Uganda, itiwe kwenye mboga. Njugu ni tamu na zina protini, nayo mifupa huhitaji protini, ila kwa kalsiamu haziifikii simsim hata kidogo.

Maharagwe kula, kwa ajili ya protini hiyo. Soya pia. Lakini ile chai ya soya iliyokaangwa, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, isiitwe maziwa mbele ya mifupa. Maziwa ya soya yanayolingana na ya ng'ombe ni yale ya kiwandani yaliyoongezewa kalsiamu, na hayo yatafutwe kwa kusoma maandishi ya pakiti. Yasipoandika kwamba imeongezwa, haimo.

Neno juu ya magadi. Huko mpakani wengi huyatia kwenye maharagwe na mboga ngumu ili vilainike haraka. Ni sodiamu, na sodiamu ikizidi huitoa kalsiamu kwa njia ya mkojo. Pia magadi ya Bonde la Ufa huwa na floraidi, ambayo kwa wingi wake huharibu meno na mifupa. Munyu wa majivu wa kina bibi ni potasiamu zaidi. Kama unaweza kusubiri maharagwe yaive kwa moto na subira, subiri.

Vitu visivyoliwa

Ukipanda hadi Tororo utaona mwamba wake kabla hujaona mji, na karibu na hapo vilima vya Sukulu. Vilima hivyo vimejaa mawe ya chokaa na apatiti. Mawe ya chokaa ndiyo yaliyoipa Tororo kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950. Apatiti, madini ya kalsiamu na fosfati, imeletewa kiwanda cha mbolea. Inatokea kwamba mfupa wa binadamu umejengwa kwa madini ya ukoo huohuo wa apatiti. Yaani wilaya nzima imekaa juu ya mifupa isiyo na mwenyewe. Mgeni mwenye haraka asianze kulamba ukuta.

Tunasema hivi si kwa mzaha mtupu, kwa sababu udongo unaliwa. Odowa huuzwa sokoni Busia upande wa Kenya kwa vipande, na upande wa Uganda kuna emumbwa, na wateja wakubwa ni wajawazito. Wengine huamini ni madini ya kumjenga mtoto. Udongo wa namna hiyo kwa kawaida ni mfinyanzi, si kalsiamu. Tumboni hushika chuma ambacho mama anakihitaji, unaweza kuleta mayai ya minyoo, na baadhi umekutwa na madini ya risasi. Shauku yenyewe mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na hiyo ni kazi ya kliniki.

Kumbikumbi, kwa mwaka wa mvua nzuri, hutoka ardhini usiku mmoja na uyoga wa kichuguu hutoka jirani yake. Uyoga ni halali yako. Ukiuanika juani hutengeneza hata vitamini D. Kumbikumbi ana mabawa na miguu, na hakuna hoja itakayomfanya mboga, ijapokuwa tumesikia zikijaribiwa.

Jua

Vitamini D ndiyo inayoifungulia kalsiamu mlango wa utumbo ipite. Lumino iko chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta, na jua halidai nauli. Watafiti waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wakatangaza mwaka 2012, walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Huko Ulaya mtu akifika 50 huambiwa inatosha. Lakini hao ni watu wanaoshinda nje. Ndugu yetu wa London, ambako kuanzia Oktoba hadi Machi jua halina nguvu ya kutengeneza vitamini hiyo katika ngozi ya mtu yeyote, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi hata kiangazi, anafika Lumino na kuketi kivulini chini ya mwembe na simu. Anywe vidonge akiwa London. Akiwa kwao, aondoke chini ya mwembe.

Hata hivyo asifikiri jua litamaliza yote. Huko Jos, Nigeria, watoto wenye matege waliokuwa wakichomwa na jua vizuri walitibiwa katika utafiti uliotolewa mwaka 1999: waliopewa kalsiamu, pamoja na vitamini D au bila hiyo, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa cha nafaka na kilikuwa na kalsiamu kiasi cha miligramu 200 tu kwa siku. Jua lilikuwepo; cha kulifanyia kazi hakikuwepo.

Na vitamini B12 haimo katika mmea wowote wa kutegemewa, hapa wala kwingine, aseme bibi asemavyo. Nunua kidonge mjini kabla ya safari.

Kinachovunja mifupa kweli

Oxford wamewafuata watu karibu 55,000 wa Uingereza kwa miaka mingi. Matokeo yao ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba wale wasiokula chochote cha mnyama walivunjika mifupa asilimia 43 zaidi ya wala nyama, na nyonga mara 2.3. Watu wengi husoma hapo na kukimbilia buchani. Ila kundi hilohilo lilipochunguzwa awali, mwaka 2007, wale wasiokula cha mnyama lakini wakapata angalau miligramu 525 za kalsiamu kwa siku hawakuvunjika zaidi kuliko wengine. Rudi juu ukatazame ile sahani ya wimbi la gramu 150, ongeza sukuma, ongeza simsim. Umefika, na ng'ombe hajaguswa.

Tena kuna fumbo ambalo ripoti ya WHO na FAO ya mwaka 2003 ililitaja wazi: nchi zinazokula kalsiamu nyingi ndizo zenye nyonga nyingi zilizovunjika, na nchi zinazokula kidogo zina chache. Sababu zake zinajadiliwa bado. Lakini tazama mwanamke wa Lumino wa miaka 60 akitoka kisimani na mtungi wa lita 20 kichwani, jana alikuwa na jembe, kesho ana mzigo wa kuni. Mfupa hujengeka ukitwishwa. Mgeni wetu, ambaye mjini hulipia chumba cha kunyanyua vyuma, hapa hukataa kubeba ndoo na huita boda boda kwenda dukani hatua mia mbili.

Na hapo tumefika. Kazi ya boda boda ilizaliwa katika mpaka huu, watu wakipakiwa kwenye baiskeli kuvushwa ile nafasi iliyo kati ya Uganda na Kenya. Tangu 2018 vituo vya Busia vimeunganishwa na msafiri hugongewa muhuri mahali pamoja, lakini pikipiki hazikuambiwa zipunguze mwendo. Muulize mwuguzi yeyote wa hospitali ya Masafu au ya Tororo nini kinaleta miguu iliyovunjika. Hatakutajia oksaleti. Mfupa wa paja wa kijana wa miaka 25, aliyelelewa kwa maziwa na mukene, hauna ubishi na lori la mizigo. Lami nzuri ya kilomita 104 imeongeza mwendo. Katika mwongozo wote huu, ushauri wenye faida ya haraka ni mmoja: abiria mmoja tu nyuma ya dereva, helmeti kichwani, na dereva aliyetoka kwenye malwa aachwe aendelee na malwa.

Wala majani wa kweli

Limebaki jambo ambalo mgeni wetu, akishughulika na sahani yake, huenda asilione. Lumino ina watu wengi wanaokula vya shambani siku nyingi za mwaka bila kutangaza. Nyama ni ya Krismasi na ya msiba. Zamani wanawake wa Kiluhya na wa Kiganda walikatazwa hata kuku na mayai. Waliwafuga, wakawapika, firigisi ikaenda kwa mwenye nyumba. Mwiko umelegea, ila sahani ikipungua anayepunguziwa bado ni yuleyule. Naye ndiye mwenye mimba, ndiye anayenyonyesha, ndiye anayempa mtoto kalsiamu kutoka katika mwili wake wakati ugali wake ni muhogo na mahindi.

Kalsiamu kidogo katika mimba haiishii kwenye mifupa. WHO hushauri kwamba mahali ambapo chakula kina kalsiamu ndogo, mjamzito apewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu linaloleta kifafa cha mimba. Kiasi hicho ni vidonge vingi na ni gharama, na kliniki nyingi huishia kutoa chuma na foliki. Lakini mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili, moja Dar es Salaam na jingine India, kila moja na wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza: miligramu 500 kwa siku hazikuwa nyuma ya 1,500 katika kuzuia hatari hiyo. Kidonge kimoja badala ya vitatu.

Kwa hiyo, ndugu mgeni, ukija na vidonge vyako vya B12 na pakiti ya maziwa ya soya, na nyumbani kuna shemeji au binti mwenye mimba, msindikize kliniki umuulize mkunga kama kalsiamu ipo. Ikiwa haipo, nenda duka la dawa mjini Busia ukainunue kwa kiasi atakachosema mkunga, isinywewe wakati mmoja na vidonge vya chuma, na ulipe wewe.